Nani Alikagua Msingi? Historia ya Kibali cha Ujenzi Dar es Salaam

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mwaka huohuo wakautungia mji kanuni za ujenzi. Mji wenyewe ulikuwa mchanga. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kazi ikiwa katikati, na baadhi ya majumba yake yakaachwa yakimong'onyoka mbele ya bandari. Wajerumani wakaugawa mji kwa kanuni zao. Upande wa mashariki unaopakana na bahari zijengwe nyumba za mtindo wa Ulaya tu, katikati zikae nyumba imara za wafanyabiashara, na nyumba za udongo na makuti zisogee nyuma.

Hapo ndipo kibali cha ujenzi kilipoanzia katika mji huu, na inafaa tukumbuke kiliuliza nini. Kiliuliza nyumba inafananaje na itakaliwa na watu gani. Kama itasimama au itaanguka, hilo kwa nyumba ya Mwafrika halikuulizwa kabisa. Nyumba yake ilihesabiwa kuwa kibanda cha muda hata kama wajukuu walizaliwa humo. Nimeanza na jambo hili la kale kwa sababu naamini matatizo ya ujenzi ya leo Mbagala, Goba na Tandika yana mzizi wake pale: kwa zaidi ya miaka mia moja ukaguzi wa majengo Dar es Salaam umekuwa ukizunguka kwenye karatasi, na mara chache umeshuka shimoni kuutazama msingi.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuubomoa mpango huo. Waliunyoosha. Mji ukawa na kanda tatu ambazo wakazi wenyewe walizipa majina yanayojulikana hadi leo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Kariakoo yenyewe ilikuwa shamba lililonunuliwa na serikali ya Kijerumani karibu na mwisho wa utawala wake ili Waafrika wahamishiwe huko. Jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa vita. Mwaka 1930 zikaja kanuni za ujenzi za miji. Kanuni hizo zilitaja unene wa kuta, madirisha, vyoo na umbali kati ya nyumba na nyumba, na ziliendelea kutumika miongo mingi baada ya bendera kubadilishwa. Aliyezisimamia mitaani, kwa sehemu kubwa, alikuwa bwana afya. Alikuja kutazama choo, maji yaliyotuama na msongamano wa watu. Hayo yalikuwa na maana yake, kwa kuwa tauni na malaria ziliua watu. Ila bwana afya hakufundishwa kuhesabu uzito wa paa.

Kwa nyumba ya Kiswahili ya siku zile upungufu huo haukuleta balaa kubwa. Nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na uani nyuma, ilisukwa kwa miti na fito, ikakandikwa udongo, ikaezekwa makuti au madebe yaliyonyooshwa. Boriti za mikoko zilitoka delta ya Rufiji kwa majahazi. Fundi aliyeijenga alikaa mtaa uleule. Ukuta ukipinda, watu walimjua aliyeupindisha, na kazi ya mwaka unaofuata ilikwenda kwa mwingine. Na ukuta wa udongo unapokufa hutoa taarifa: hupasuka, hubonyea, huinama siku nyingi kabla ya kulala. Watu hupata muda wa kutoa vitanda nje. Ghorofa la zege halitoi muda huo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulifurika. Kampuni ya Alexander Gibb ya London ilitengeneza mpango mkuu wa mji mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 serikali ikapima viwanja vya Waafrika Magomeni, Temeke na Kinondoni. Hivyo ndivyo majina haya yalivyoingia kwenye ramani kama makazi ya mji. Kabla ya hapo yalikuwa mashamba ya minazi na mikorosho yenye vijiji vya Wazaramo. Mwenye kiwanja alipewa sehemu iliyopimwa, akaambiwa ajenge kwa kufuata mchoro unaokubalika, na baadhi wakakopeshwa fedha. Kwa mara ya kwanza ofisi ya mji ilikutana na mjenzi wa Kiafrika kama mtu anayestahili kiwanja, ramani na ukaguzi. Kipindi hicho kilikuwa kifupi mno.

Uhuru ulikuja na matumaini makubwa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likaanza kubomoa nyumba za udongo na kujenga za matofali mahali pake. Kubomoa kulikuwa rahisi kuliko kujenga, na baada ya miaka michache mpango huo uliachwa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 272,000 jijini. Ile ya 1978 ilikuta mkoa una watu karibu 843,000. Katikati ya sensa hizo mbili lilitokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, liliubadilisha ujenzi wa Dar es Salaam kuliko mpango mkuu wowote: mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilifuta halmashauri za miji.

Nia ilikuwa kupeleka madaraka mikoani. Matokeo yake ni kwamba katika miaka ileile ambayo watu walikuwa wakimiminika Manzese, Tandika, Buguruni na Mbagala, jiji halikuwa na baraza lake. Barabara zilichimbika, taka zikajaa, na mafaili ya ujenzi yakabaki bila mwenyewe. Mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulipima maeneo kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na mitaa hiyo hadi leo ina barabara zinazopitika. Lakini kwa kila familia iliyopata kiwanja Sinza, nyingine nyingi zilinunua sehemu ya shamba kwa mwenyeji na kujenga. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1978, na sheria ya mamlaka za miji ikapitishwa mwaka 1982. Kwa miaka iliyopita katikati, wananchi walikuwa wamezoea ofisi nyingine.

Ofisi hiyo ilikuwa baraza la nyumba ya balozi. Chama tawala cha TANU kilianzisha mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960 kwa shughuli za chama na ulinzi, lakini pembezoni mwa jiji balozi huyo, yaani mjumbe, akawa msajili wa ardhi, mpima na mkaguzi. Anayenunua alikuja na muuzaji, ndugu na majirani wa pande zote nne. Wakatembea mpaka kwa mpaka: huku minyaa, huku mwembe, kule njia ya kwenda kisimani. Hatua zikahesabiwa kwa miguu. Karatasi ikaandikwa kwa mkono, mashahidi wakaweka sahihi au dole gumba, mjumbe akagonga muhuri wake. Baada ya mfumo wa vyama vingi kazi hiyo ilihamia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ikazoeleka kwamba ofisi yake inachukua asilimia 10 ya bei ya mauziano ingawa hakuna anayeweza kukuonyesha kifungu cha sheria kinachosema hivyo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu Ardhi, akiwemo Wilbard Kombe aliyeandika kitabu pamoja na Volker Kreibich kuhusu usimamizi wa ardhi usio rasmi nchini, walionyesha kwamba utaratibu huu haukuwa vurugu tupu. Ulizuia migogoro mingi ya mipaka. Kuna mitaa ambako wazee walimkataza mtu kujenga juu ya njia, na akatii. Makongo, katika Kinondoni ya wakati ule, wakazi walichangishana kutengenezewa mpango wa eneo lao badala ya kungoja serikali. Hananasif, bondeni kando ya Msimbazi, wakazi walichimba mitaro na kutengeneza barabara katika miaka ya 1990 kwa kushirikiana na jiji na wafadhili. Naamini historia ya mji huu haijawapa wenyeviti na wajumbe heshima wanayostahili.

Lakini mjumbe alishuhudia mpaka. Hakushuhudia nondo. Ujirani ulijua kiwanja kinaishia wapi, na ulinyamaza juu ya kilichofukiwa chini yake. Kazi hiyo iliachiwa fundi na mwenye nyumba, wawili tu, kila mmoja akitaka kuokoa mifuko ya saruji. Ukienda leo kwenye kibanda chochote cha kufyatua tofali barabara ya Kilwa utasikia mazungumzo yenyewe. Mteja anauliza mfuko mmoja unatoa tofali ngapi. Fundi anajibu kwa kuuliza, "Mama unataka za kuta au za uzio?" Akitaka za kuta kweli, anafyatuliwa 30 au zaidi kidogo. Akitaka rahisi, mfuko uleule unafika 50, na tofali hilo ukilikwangua kwa msumari linatoa mchanga kama mkate uliokauka. Nyumba ya chini ya vyumba vitatu inaweza kuvumilia tofali kama hilo kwa miaka. Mwenye nyumba anazoea, fundi anazoea, na mazoea hayohayo yanapanda nao siku wanapoamua kuweka ghorofa.

Mwaka 1996 serikali ilivunja Halmashauri ya Jiji kwa kushindwa kazi, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilisafisha mitaa na kubomoa vibanda vingi, na mwaka 2000 jiji likagawanywa katika manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Ndipo kila manispaa ilipopata mhandisi wake, ofisa mipango miji wake na kamati ya madiwani ya kupitisha ramani. Mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000, ukapima Bunju, Mbweni, Boko, Toangoma, Kibada na Gezaulole.

Kabla ya hapo, mwaka 1997, Bunge lilikuwa limepitisha sheria tatu kwa mfululizo: namba 15 ya wahandisi, namba 16 ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na namba 17 ya wakandarasi. Tangu 1972 wabunifu, wakadiriaji na wakandarasi wa majengo walikuwa chini ya bodi moja. Sasa wahandisi, wabunifu na wakadiriaji kwa pamoja, na wakandarasi, kila kundi lilikuwa na bodi yake yenye uwezo wa kusajili, kukagua miradi na kufuta usajili. Hapa ndipo mtaalamu binafsi anapoingia katika historia hii. Tanzania haijawahi kuwa na mkaguzi binafsi mwenye mamlaka ya kutoa kibali mahali pa halmashauri. Tulichonacho kinakaribiana nacho: mhandisi na mbunifu wa kampuni binafsi wanachora, wanasaini, wanagonga mihuri, na manispaa inapokea sahihi zao. Ofisi ya manispaa ina mhandisi mmoja au wachache kwa mamia ya mafaili. Akiona muhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa, anaegemea hapo. Naye mtaalamu, ambaye mara nyingi amelipwa kwa ramani tu na si kwa kusimamia ujenzi, anaegemea manispaa kwamba itakwenda kukagua. Mwenye jengo ana karatasi zote mbili, na hakuna aliyevaa buti.

Mwaka 2006 jengo la hoteli ya ghorofa liliporomoka Keko, wilayani Temeke. Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, aliunda kamati ya kuchunguza maghorofa ya Dar es Salaam, na ilibainika kwamba mengi yalijengwa kinyume cha taratibu. Mwaka 2008 likaanguka jingine katikati ya jiji, Mtaa wa Mtendeni. Kisha ikaja Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013.

Asubuhi ile jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa kwenye Mtaa wa Indira Gandhi, karibu na msikiti wa Shia Ithnaasheri, lilishuka lote kwa mara moja. Mafundi walikuwa kazini. Watoto walikuwa wakicheza mpira katika uwanja wa jirani. Lilijikusanya kuwa kifusi kisichofika kimo cha nyumba ya ghorofa mbili. Watu 36 walikufa. Ilielezwa siku zile kwamba kibali kilichotolewa kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizosimama. Serikali iliwafikisha mahakamani watu kutoka kila upande wa mnyororo: mwendelezaji, wataalamu, wakandarasi na watumishi wa manispaa. Jengo la pili, pacha wa lile lililoanguka, likaamriwa libomolewe, na amri hiyo ikakaa miaka bila kutekelezwa huku majirani wakipita chini yake kwenda dukani.

Mimi hurudi kila mara kwenye hesabu moja ya jengo lile. Ghorofa moja ya zege haiwekwi usiku mmoja. Mirunda inasimamishwa, mbao zinapigwa, nondo zinafungwa, lori za kokoto zinamwaga barabarani, na zege ikishamwagwa inasubiriwa ikomae. Kila ghorofa iliyozidi ilichukua wiki kadhaa, mchana kweupe, katika mtaa wenye maofisa, wanasheria na wahandisi wanaopita kwa miguu. Hakuna aliyehitaji kifaa cha kupimia ili aone. Ilihitajika ofisi moja ambayo kazi yake ni kuhesabu ghorofa na kulinganisha na karatasi, na yenye nguvu ya kusimamisha kazi siku hiyohiyo.

Wengine duniani wamejaribu njia tofauti kabisa. Uingereza, kwa sheria ya ujenzi ya mwaka 1984, iliruhusu wakaguzi binafsi walioidhinishwa kufanya kazi iliyokuwa ya halmashauri. Jimbo la Victoria nchini Australia lilifuata katika miaka ya 1990, na New South Wales mwaka 1998. Hoja ilikuwa nzuri: halmashauri ni nzito, kibali kinachukua miezi, mtaalamu binafsi atakuja saa anayoitwa. Alikuja kweli, na aliyemwita ndiye aliyemlipa. Mkesha wa Krismasi mwaka 2018 wakazi wa Opal Tower, jengo jipya la ghorofa 36 mjini Sydney, walihamishwa baada ya kusikia mlio na kuona nyufa. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ikamteua kamishna wa majengo. Baada ya moto wa Grenfell mjini London mwaka 2017, uliowaua watu 72, wengi walitaka kuwatupia lawama wakaguzi binafsi, lakini jengo lile lilikuwa limekaguliwa na halmashauri yenyewe. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, Septemba 2024, ilipendekeza liangaliwe upya kama ni sawa ukaguzi ufanywe na watu wenye maslahi ya biashara ndani yake. Kenya nako, jengo la Huruma jijini Nairobi lilianguka usiku wa Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50, miaka mitano baada ya nchi kutunga sheria ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi.

Sisi tumelionja jaribio la kampuni binafsi kwa upande mwingine, upande wa ardhi. Katika mwaka wa fedha 2015/16 Wizara ya Ardhi chini ya William Lukuvi ilianza urasimishaji wa makazi Kimara, kuanzia Kilungule na Mavurunza. Serikali haikuwa na wapima wa kutosha, basi kampuni binafsi za upangaji na upimaji zikaruhusiwa kuingia mitaani. Wakazi waliunda kamati, wakachanga, kampuni ikachora mipango na kupima. Kazi iliyofanywa ni kubwa. Njia ambazo zilikuwa mipasuko kati ya kuta za nyumba zikaandikwa barabara, na watu waliokaa miaka 30 kwa karatasi ya mjumbe wakapata hati. Lakini malalamiko nayo yalizidi: mitaa mingi wananchi walilipa, kampuni ikaweka vigingi vichache, halafu simu haipokelewi. Wizara ikalazimika kuweka kikomo cha ada, ikashushwa hadi shilingi 150,000 na baadaye 130,000 kwa kiwanja, na kuzibana kampuni zenye madeni ya kazi. Somo lililoonekana Kimara ni kwamba mkazi hakujua amdai nani. Kampuni ilisema inasubiri manispaa iidhinishe. Manispaa ikasema mkataba ni wa kamati ya mtaa. Mwenyekiti akasema yeye alikuwa shahidi tu.

Wakati huohuo manispaa zilinyang'anywa chombo ambacho kingezipeleka nyumba kwa nyumba. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida mwanzoni, baadaye ikapandishwa. Kwa mlipaji ni nafuu, hapangi foleni. Kwa ukaguzi ni hasara, kwa kuwa mtathmini wa kodi ndiye aliyekuwa mtumishi wa manispaa mwenye sababu ya kuingia uani na kuona kwamba nyumba ya chini ya mwaka jana sasa ina nguzo zinazochungulia juu ya paa. Mita ya umeme haioni nguzo.

Kile mkazi wa pembezoni anachokiona zaidi kutoka serikalini ni alama ya X ya rangi nyekundu. Desemba 2015 na Januari 2016 ilipigwa kwenye kuta za nyumba za bonde la Msimbazi, Mkwajuni na Hananasif zikiwemo, na tingatinga likaja nyuma yake. Mwaka 2017 ikaenda Kimara hadi Kiluvya, kwenye nyumba zilizodaiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Bonde lile ni hatari, hilo halina ubishi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini na waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Ila wapo waliobomolewa wakiwa na leseni za makazi zilizotolewa na serikali tangu 2004, umeme wa TANESCO na risiti za kodi ya majengo mkononi. Kwao serikali ilikuwa imekagua mara nyingi, kila idara kwa jambo lake, na hakuna idara iliyowaambia mapema wasijenge pale.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, kwenye makutano ya mitaa ya Mchikichi na Kongo. Lilikuwa jengo linalotumika, limejaa maduka, na ilielezwa kwamba chini yake kulikuwa kunachimbwa kupanua sehemu ya biashara. Watu walizungumza na waokoaji kwa siku kadhaa wakiwa chini ya kifusi, wakiomba maji. Zaidi ya 20 walikufa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo yote. Ilikuwa timu ya tatu au ya nne ya aina hiyo katika miaka 18, na kila moja iliundwa baada ya mazishi.

Macho yalielekea Kariakoo, nami natazama Kinondoni na Temeke. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani, na viwanja havizaliwi. Mwananyamala, Tandika, Mtoni na Mbagala nyumba ya vyumba sita ya babu inavunjwa upande mmoja na kuwekwa nguzo. Msingi ni uleule wa mwaka 1975, mawe na chokaa, wa kubeba bati. Mafundi ni walewale hodari wa nyumba za chini, wengi wao hawajapata nafasi ya kufundishwa kitu kingine. Kibali kikiombwa siku hizi hupitia mfumo wa TAUSI kwenye simu, bila foleni, na hilo ni jema. Hata hivyo mfumo unapokea ramani. Haujui kama nondo iliyochorwa milimita 16 ndiyo iliyofungwa au ni ya 12.

Zipo nyakati nne tu katika maisha ya jengo ambazo mkaguzi hana budi kuwepo: mtaro wa msingi ukiwa wazi, nondo za nguzo zikiwa zimefungwa, mbao za slabu zikiwa zimejaa nondo kabla ya zege, na siku watu wanapotaka kuhamia. Zege ikishamwagwa hakuna anayeona tena. Nyakati hizo nne zinaweza kusimamiwa na mhandisi wa manispaa, au na mhandisi binafsi aliyesajiliwa pale ambapo manispaa haina watu, na kwa idadi ya nyumba zinazoinuka Mbagala peke yake manispaa haitakuwa na watu kwa muda mrefu. Ninachokitaka ni kwamba mwenye jengo asimchague wala asimlipe mkononi: alipe manispaa, manispaa impangie mkaguzi kwa zamu, na jina la mkaguzi liandikwe pamoja na tarehe kwenye daftari linalokaa ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo jirani mwenye ukuta wa pamoja na fundi mwenyewe wanaweza kulifungua na kusoma kama kuna mtu aliyekuja kabla zege haijamwagwa.